Arobaini imekwisha, uji wa uzazi bado unapikwa

SWALI: Nina miaka 27, naishi Mbagala, na mtoto wangu wa kwanza ana miezi mitano, ananyonya vizuri. Kabla ya mimba nilikuwa na kilo 61. Siku chache kabla ya kujifungua nilifika 77. Kliniki ya wiki ya sita nilikuta 69, nikafurahi. Sasa nina 73, na tumbo ni kubwa mpaka kwenye daladala napishwa kiti. Jirani ananiuzia majani ya chai ya kukata tumbo. Mama mkwe anasema nikijinyima chakula maziwa yatakauka. Nimsikilize nani?

JIBU: Nusu ya jibu imo kwenye kadi ya kliniki ya mama huyu. Kushuka kutoka 77 hadi 69 hakukuhitaji chai wala mazoezi. Mtoto, kondo la nyuma, maji ya uzazi na damu huondoka na kilo 5 hadi 6 siku ileile ya kujifungua, kisha maji yaliyojaa mwilini hutoka kwa mkojo na jasho katika siku zinazofuata. Hata mfuko wa uzazi, ambao huwa na takriban kilo 1 mara baada ya kujifungua, hunywea na kukaribia udogo wake wa zamani baada ya wiki 6 hivi. Kilo za kuulizia ni zile 4 zilizopanda baada ya hapo, wakati mtoto alishatoka.

Zimetoka jikoni. Mzazi wa Dar es Salaam huamshwa na chupa ya uji wa pilipili manga uliotiwa siagi na sukari isiyopimwa. Saa nne inaletwa supu na chapati, mchana wali, jioni mtori, na kabla ya kulala chai ya maziwa “ili mtoto apate kunyonya”. Kwa arobaini, utaratibu huo una maana yake: mwanamke amepoteza damu, ana kidonda, halali, na wanaomhudumia wanataka arudi kwenye nguvu zake. Shida ni kwamba arobaini ikiisha wahudumu huondoka, lakini sufuria haibadiliki. Mama wa miezi mitano bado analishwa kama wa siku ya tano.

Mama mkwe hajakosea yote. Kunyonyesha hutumia takriban kalori 500 zaidi kwa siku, ndiyo maana njaa ya mama anayenyonyesha ni ya kweli, wala si ulafi. Lakini chapati mbili za mafuta na soda moja tu zinarudisha kalori hizo na kuzidi. Hofu ya maziwa kukauka nayo ina kipimo chake. Mwaka 2000, jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika Marekani kwa akina mama 40 wenye uzito uliozidi, wote wakinyonyesha. Waliopunguza chakula kwa kiasi na kufanya mazoezi walipungua takriban nusu kilo kwa wiki kwa wiki 10, na watoto wao walikua sawa na wa wenzao wasiobadilisha kitu. Maziwa hufuata unyonyaji: kadiri titi linavyonyonywa, ndivyo linavyotengeneza. Kinachodhuru ni kushinda na mlo mmoja au kufunga kula kwa siku kadhaa, na hapo mama mkwe asikilizwe.

Basi uji ubaki, siagi itoke, na sukari ishuke hadi kijiko kimoja cha chai. Supu iletwe bila chapati, au chapati iwe moja. Maharage, dagaa, mayai na mchicha visipunguzwe hata kidogo, mnyonyeshaji anavihitaji. Soda na juisi za paketi ndizo za kwanza kuachwa, kwa kuwa hazishibishi mtu.

Tumbo ni habari nyingine. Mimba hutenganisha misuli miwili ya mbele ya tumbo, na kwa baadhi ya wanawake nafasi hiyo hubaki wazi kwa miezi mingi. Mama alale chali, akunje magoti, anyanyue kichwa kidogo na kupapasa juu ya kitovu kwa vidole. Nafasi ikizidi upana wa vidole viwili, amwone mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya kuanza mazoezi ya kuinuka kutoka chali. Mkaja au kanga ya kufunga tumbo humpa mzazi starehe na kumshika kiuno, ila hauyeyushi mafuta. Ukikazwa mno hubana pumzi na kusukuma uzito chini, kwenye misuli ya nyonga iliyokwishachoka.

Kutembea kunatosha kuanzia. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 kwa wiki kwa wanawake waliojifungua, yaani nusu saa siku tano, hata mtoto akiwa mgongoni. Aliyejifungua kwa upasuaji apate kwanza ruhusa ya daktari.

Majani ya jirani yarudi kwa jirani. Chai nyingi za aina hiyo zina sanamaki, ambayo ni dawa ya kuharisha: mzani hushuka kwa sababu maji yametoka, na mama akinywa maji unapanda tena. Mnyonyeshaji anahitaji maji hayo, na pakiti isiyosajiliwa haimwambii ni nini kingine kinachoweza kupita kwenye maziwa.

Yapo pia mambo ambayo jiko halihusiki nayo. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huwaongezea uzito baadhi ya wanawake, na zipo njia nyingine za kuchagua. Tezi ya shingo inaweza kuzorota ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, ikaleta uchovu, kuhisi baridi na kunenepa. Na aliyeugua kisukari cha mimba anapaswa kupimwa tena hata kama anajiona mzima.

Kwa mwendo wa nusu kilo kwa wiki, kilo 12 za kurudi kwenye 61 zinataka karibu miezi 6, na wengi huchukua zaidi. Mwezi ujao mama huyu akimpeleka mtoto kupimwa uzito, naye apande mzani, aandikiwe kwenye kadi, na kama anachomwa sindano ya uzazi wa mpango, amwulize muuguzi kuihusu.