Saa Inapoichelewesha Hifadhidata

SWALI: Hapa Wote, Makueni, ninasimamia seva ya Linux yenye PostgreSQL ya chama cha akiba na mikopo. Tangu iwashwe upya baada ya umeme kupotea, ripoti zinajikokota, ilhali diski na kumbukumbu zina nafasi tele. Kulikoni?

JIBU: Ichunguze saa. Hifadhidata huuliza wakati mara nyingi mno, hasa ukitumia EXPLAIN ANALYZE, inayopima kila hatua. Saa ya TSC imo ndani ya prosesa. Kuisoma ni kama kuchota maji mtungini. Linux ikiishuku, huhamia HPET au ACPI PM, zilizo nje ya prosesa. Hapo kila usomaji huwa safari ya kiangazi kwenda kufukua mchanga wa mto Tiva, Kitui.

Soma faili /sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource, kisha endesha pg_test_timing. Wastani wa kila usomaji ukiwa chini ya nanosekunde 100, saa haina hatia, tafuta kwingine. Ukizidi sana, tazama dmesg ujue kwa nini TSC ilikataliwa, na usasishe BIOS. Usiilazimishe kwa pupa: saa ya haraka isiyoaminika ni hasara kubwa kuliko ya polepole.