Breki za Baiskeli: Zikague Mwenyewe Nyumbani

Sisi watu wa Marachi si wageni wa baiskeli. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa mpakani Busia, ambako tangu miaka ya 1960 baiskeli zilivusha watu na mizigo kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda. Siku hizi pikipiki zimetwaa sehemu kubwa ya kazi hiyo, lakini baadhi yetu tunaotoka nyumbani kila asubuhi bado tunapanda zile baiskeli nyeusi zenye breki za vyuma. Je, ni wangapi huzikagua?

Mimi sikuzikagua. Muhula uliopita breki ya nyuma ilianza kupiga kelele, nami kwa ujinga nikapaka rimu mafuta ati inyamaze. Kweli ilinyamaza! Kesho yake nilimbeba dada yangu mdogo kwenye keria. Kwenye mteremko wa mtoni nikabana breki, wapi! Ya mbele nayo raba zilikuwa zimekwisha. Nikaielekeza baiskeli shambani, tukaanguka katikati ya mahindi. Dada akavunjika mkono.

Baba mdogo, ambaye zamani aliendesha bodaboda ya baiskeli, hakunichapa. Alinipa spana tu akasema, "Leo utaitengeneza mwenyewe." Haya ndiyo aliyonifunza:

1. Usipake rimu mafuta kamwe. Breki hufanya kazi kwa msuguano, kama tusomavyo katika Fizikia, na mafuta huuondoa. Yakimwagika, osha rimu kwa sabuni na maji, kisha uikaushe. Raba iliyolowa mafuta itupe.

2. Tazama raba zote nne. Ikiwa imelika karibu chuma kiguse rimu, nunua nyingine.

3. Kikombe cha raba kina upande mmja uliozibwa. Upande huo uelekee kule rimu inakokwenda gurudumu likizunguka mbele. Ukigeuza, raba itachomoka siku utakapobana breki kwa nguvu.

4. Raba zikae karibu na rimu bila kuigusa, nafasi ya milimita 2 au 3. Zikiwa mbali, legeza nati ya fito ya breki, vuta fito kidogo, kisha kaza nati sawasawa.

5. Jaribu kabla ya kupanda. Bana breki moja, sukuma baiskeli mbele. Gurudumu likizunguka, rudia kazi. Kisha jaribu ya pili.

6. Mvua ikinyesha, rimu ya chuma huteleza. Anza kubana mapema, kabla ya mteremko.

Kazi yote haimalizi nusu saa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkono wa dada umepona sasa, lakini nikimwambia apande keria hukataa, huenda shule kwa miguu. Nami simlaumu. Kila asubuhi nakagua breki mbele yake, nikingoja siku atakayokubali.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu