Mbegu Zinazojiotea Zenyewe

Andiko kuu: Wagalatia 6:7-9, Marko 4:26-29



Mvua za Machi zikishaanza, pita barabara ya Busia kwenda Malaba uangalie maboma ya watu. Kosmosi na zinia zimechipuka kando ya mlango, saga na managu nyuma ya jikoni, na hakuna mtu aliyepanda. Maua ya msimu uliopita yalikauka, mbegu zikaanguka, udongo ukazificha. Mvua imeziita tu. Mimi nilisomea biashara, na nikiona hivyo nasema huu ni mtaji unaojizalisha. Mbegu ya mahindi ya haibridi lazima urudi agroveti kila msimu, lakini ua la mlangoni hulilipii kitu.

Sasa, kuna ua lingine kwetu ambalo pia hujiotea. Ni la zambarau, tena linapendeza macho. Waluhya huliita oluyongo, Wajaluo kayongo, Wateso emoto. Hilo hushika mizizi ya mahindi chini ya ardhi na kuinyonya, hata ukiliona limetokeza juu, mahindi yako yameshaumia. Mmea mmoja waweza kuangusha mbegu zaidi ya 50,000, ndogo kama vumbi, na mbegu hizo zaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikiwa hai.

Nasema haya kwa sababu ya swali ninaloulizwa sana baada ya ibada: "Pastor, mimi niliokoka. Mbona mambo ya zamani bado yananifuata?" Mwingine aliishi kwa kudanganya wateja pale mpakani, na leo hata akisema kweli haaminiki. Mwingine alimtukana mke wake miaka mingi mbele ya watoto, na sasa kijana wake anaongea na dada zake vile vile. Anaanza kuogopa kwamba wokovu wake haukuwa wa kweli.

Sikiliza, mpendwa. Msamaha ni jambo moja, na mbegu zilizokwisha kuanguka ni jambo lingine. Ulipotubu, Mungu alikusamehe kabisa. Lakini yale uliyopanda kwa watu bado yamo udongoni. Yakichipuka, si ati Mungu amekuacha. Ni msimu umefika, na safari hii shamba lina mwenyewe.

Ufanye nini?

Kwanza, ng'oa kabla hayajatoa mbegu. Mkulima akiacha oluyongo lichanue mpaka likauke, amejitafutia kazi ya miaka. Hasira ikichipuka leo, shughulika nayo leo. Usiseme utaomba msamaha Krismasi.

Pili, rudisha. Zakayo alikuwa mkubwa wa watoza ushuru kule Yeriko, kazi ambayo sisi watu wa mpakani tunaielewa vizuri. Soma Luka 19:8. Hakuishia kutoa machozi, aliahidi kurudisha mara nne. Kama kuna mtu ulimpunja kwenye mizani au kwenye kubadilisha pesa, mtafute.

Tatu, panda kitu kingine. Watafiti wa ICIPE kule Mbita waligundua kwamba desmodiamu ikipandwa katikati ya mistari ya mahindi, mizizi yake huziamsha mbegu za gugu lile, kisha huzizuia kushika mahindi. Zinaota, zinakufa bila kuzaa. Msimu baada ya msimu akiba ile mbaya inapungua. Yesu naye alionya juu ya nyumba iliyofagiwa ikaachwa tupu (Mathayo 12:43-45). Basi kijana aliyezoea kusikia matusi, asikie baraka kutoka kinywa chako kile kile, asubuhi na jioni. Hatabadilika kwa wiki moja. Endelea tu.

Na usichoke, maana mema pia hujiotea. Sala fupi na watoto kabla ya kulala, chenji uliyorudisha kamili, mgonjwa uliyemtembelea ukasahau, zote ni mbegu. Yule mkulima wa Marko 4 hulala na kuamka, nayo mbegu inakua asivyojua.

Maswali ya ushirika wa nyumbani
1. Ni jambo gani la zamani linachipuka nyumbani kwako msimu huu?
2. Ni nani unayepaswa kumrudishia kitu kabla ya Jumapili?

Ombi: Bwana, nipe macho ya kuona linalochipuka, nguvu ya kuling'oa mapema, na uvumilivu wa kupanda tena. Katika jina la Yesu, amina.