Mawe ya Kisii: kasha lipigiwe hesabu kabla ya kupigiwa misumari

Bakuli la jiwe la sabuni lililochongwa Tabaka, Kisii, hupita mikono mingi kabla ya kufika kwenye rafu ya duka la Ulaya au Marekani. Hupakiwa kwenye pikapu, hushushwa, hupakiwa kwenye lori la Nairobi au Mombasa, hupangwa godauni, huingizwa katika kontena au ndege, na upande wa pili kazi hiyo hiyo hurudiwa kinyumenyume. Kila mahali mzigo unaposhushwa, unaweza kuanguka. Mnunuzi akifungua sanduku akakuta ukingo umemeguka, bei ya bakuli hilo imekwisha, kwa kuwa jiwe likiungwa kwa gundi alama hubaki.

Wapo wauzaji wanaojituliza kwa bima. Hao wasome masharti kwa makini. Masharti ya bima ya shehena yanayotumika sana duniani, yanayojulikana kama Institute Cargo Clauses, huondoa hasara iliyosababishwa na ufungaji usiotosha au usiofaa, hata katika daraja A ambalo kinga yake ndiyo pana kuliko zote. Mkataba wa Montreal wa 1999, unaohusu uchukuzi wa ndege, nao unampa mwenye ndege nafasi ya kukataa dai akithibitisha kwamba mzigo uliharibika kwa kuwa ulifungwa vibaya na mtu asiyekuwa wake. Kwa maneno mengine, kasha likiwa bovu hasara hurudi Tabaka.

Tatizo la kwanza liko katika jiwe lenyewe. Ni laini kiasi cha kuchongwa kwa kisu na kukwaruzwa kwa kucha, lakini ni zito: ujazo wa lita moja ya jiwe hilo una uzito wa kilo 2.7 hivi. Katoni ya sentimita 40 kwa 30 kwa 30, ambayo mtu wa nguo huibeba kwa mkono mmoja, ikijazwa mawe hadi nusu tu ya ujazo wake hukaribia kilo 49. Katoni hiyo haikutengenezwa kubeba uzito huo, na kitako chake hufunguka kabla haijafika stendi. Ndiyo maana mzoefu wa bidhaa hii huchagua katoni ndogo za karatasi nene yenye tabaka mbili za mawimbi, tena mpya, kwa kuwa katoni iliyokwisha kutumika imepoteza nguvu kwenye mikunjo.

Tatizo la pili ni kishindo. Watu hudhani bakuli huvunjwa na urefu linakotoka. Urefu una sehemu yake, lakini jambo kubwa ni umbali ambao bakuli linapewa ili lisimame. Chukua bakuli la kilo 4 lililoanguka kutoka sentimita 75. Likiwa limezungukwa na mto wa sponji wa sentimita 5, na mto huo ukabonyea hadi nusu, bakuli limesimama ndani ya sentimita 2.5. Gawanya 75 kwa 2.5, unapata 30: kwa wastani bakuli limesukumwa kwa nguvu mara 30 ya uzito wake, yaani kama limebebeshwa kilo 120. Mto ukiwa wa sentimita 1, ukabonyea nusu vilevile, hesabu ni 75 kwa 0.5, yaani mara 150. Bakuli lile lile sasa limebebeshwa kilo 600. Hiyo ndiyo tofauti ya kurasa nne za gazeti na mto wa kweli.

Mto nao una kipimo chake. Sponji laini ya magodoro chini ya bakuli zito lenye kitako chembamba hubonyea yote hadi mbao, na ikishafika mbao ni sawa na kutokuwepo. Kitako cha sentimita 10 kwa upana kina eneo la sentimita za mraba 78 hivi, na kilo zote 4 zinakaa hapo. Dawa yake ni rahisi: ubao mwembamba au kipande cha katoni ngumu huwekwa kati ya kitako na sponji ili uzito usambae. Kinyume chake, ile povu nyeupe ngumu inayokuja na majokofu na televisheni haibonyei kabisa ikiwekwa chini ya kitu chepesi kilicholala eneo kubwa. Hiyo hukatwa vipande na kuwekwa kwenye pembe tu. Njia ya kupima bila mashine ni kuuacha mzigo juu ya mto usiku kucha. Asubuhi, mto uliolala chapati haufai, na mto usioonyesha hata dalili ya kubonyea haufai pia.

Sasa yaje mambo ya nauli, maana hapa ndipo wengi wanapobana pasipostahili kubanwa. Mizigo ya ndege hulipiwa kwa uzito halisi au uzito wa ujazo, ule ulio mkubwa. Uzito wa ujazo hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 6,000. Mawakala wengine wa vifurushi hugawanya kwa 5,000, hivyo ni vizuri kuuliza kwanza.

Tuseme bakuli lile la kilo 4 lina upana wa sentimita 25 na kimo cha sentimita 10. Likifungwa kwa mto wa sentimita 5 kila upande, katoni ya nje inakuwa 36 kwa 36 kwa 21. Uzito wa ujazo ni kilo 4.5. Uzito halisi, pamoja na katoni na mto, ni kama kilo 4.7. Kwa hiyo nauli italipwa kwa kilo 4.7. Muuzaji mbanifu akipunguza mto hadi sentimita 2, katoni inakuwa 30 kwa 30 kwa 15 na uzito wa ujazo unashuka hadi 2.25, lakini halipi huo. Analipa uzito halisi ambao ni kilo 4.4 hivi. Ameokoa nauli ya gramu 300 na kupoteza zaidi ya nusu ya kinga. Kwa mawe yanayosafiri kwa ndege, nafasi ya mto ni karibu bure.

Baharini mambo hugeuka. Mzigo wa kuchangia kontena hulipiwa kwa mita ya ujazo au tani, ile iliyo kubwa. Mabakuli yaliyofungwa vizuri hayafikii tani moja katika mita moja ya ujazo, kwa hiyo hulipiwa nafasi. Agizo la mabakuli 72, kila moja na katoni yake ya 36 kwa 36 kwa 21, hula karibu mita 2 za ujazo. Muuzaji akiona bei hiyo hurudi kwenye ile katoni ya sentimita 2, na hapo ndipo mabakuli huanza kumeguka.

Ipo njia nyingine, nayo ni kuyaweka mabakuli mengi ndani ya mto mmoja. Katoni imara ya ndani inagawanywa kwa vizuizi vya msalaba, mabakuli manne chini na manne juu, na kati ya jirani na jirani sentimita 2 za kizuizi na sponji ili jiwe lisiguse jiwe. Ghorofa ya juu hulala juu ya ubao wa plaiwudi unaobebwa na vizuizi. Ubao huo usikalie kingo za mabakuli ya chini. Katoni hii ya 54 kwa 54 kwa 24 inawekwa katikati ya kasha la plaiwudi la milimita 9, ikiwa na mto wa sentimita 5 pande zote sita. Kasha la nje linatoka 66 kwa 66 kwa 36 na uzito wake ni kilo 44 hivi. Makasha tisa yanabeba mabakuli yote 72 kwa mita za ujazo 1.41 badala ya karibu 2. Zaidi ya robo ya nafasi imeokolewa, na mto haujapunguzwa hata sentimita moja.

Faida ya pili haionekani kwa macho. Kifurushi cha kilo 5 hurushwa. Mpakiaji aliye juu ya lori humtupia mwenzake aliye chini, na ndivyo kazi ilivyo duniani kote. Kasha la kilo 44 lenye vishikio halirushwi. Watu wawili hulibeba, na likiwaponyoka linaanguka kutoka magotini. Vipimo vya majaribio vimezingatia jambo hili. Katika jaribio la 1A la shirika la ISTA, ambalo hutumika sana kupima vifungashio, mzigo ulio chini ya kilo 9.5 huangushwa kutoka sentimita 76, na ule wa kati ya kilo 27.7 na 45.4 kutoka sentimita 31. Rudi kwenye ile hesabu ya kugawanya: 31 kwa 2.5 ni mara 12 na kidogo, pale katoni ndogo ilipopata mara 30. Kasha likipita uzito wa watu wawili, hata hivyo, watu huacha kulibeba na kuanza kulibingirisha, na kona huanza kupigwa. Kilo 45 ni mpaka mzuri.

Vinyago vyenye shingo, pembe na mikono hutaka busara nyingine. Mafundi wengi hujaza sponji kila tundu hadi twiga asitikisike, wakidhani ndiyo usalama. Kasha likianguka, mwili mzito huenda upande mmoja na sponji iliyobana shingo huishikilia, shingo hukatika. Twiga alazwe, abebwe kwa kiwiliwili na mapaja ndani ya sponji iliyochongwa kwa umbo lake, na shingo iachiwe nafasi isiguse kitu. Kinyago kirefu chenye sehemu nyembamba mno ni afadhali kibuniwe upya, mguu uungane na kitako au mkono ulale kifuani. Kazi hiyo ni ya mchongaji na mnunuzi kabla jiwe halijakatwa.

Unyevu nao hula faida polepole. Jiwe husuguliwa kwa msasa na maji, na agizo la haraka hufungwa kabla halijakauka. Likizungushiwa nailoni, maji hubaki ndani, na ndani ya kontena joto la mchana na baridi ya usiku hugeuza mvuke kuwa matone yanayodondoka kutoka darini. Katoni ikinywa unyevu inaweza kupoteza nusu ya nguvu yake au zaidi, na godauni la Mombasa halihitaji kuvuja ili hilo litokee. Mawe yakauke kwanza, yapakwe nta, yafungwe kwa karatasi nyeupe isiyochapwa, kisha ndipo mto. Gazeti huacha wino kwenye jiwe jeupe. Godauni, katoni zikae juu ya mbao na mbali na ukuta, zikipangwa pembe juu ya pembe, maana nguvu ya katoni iko kwenye pembe zake nne. Zikipishana kama matofali, pembe ya juu hukaa juu ya ukuta dhaifu wa ile ya chini.

Kuhusu mbao, muuzaji asinunue zozote fundi alizo nazo. Kanuni ya kimataifa ya ISPM 15, iliyopitishwa mwaka 2002, inataka mbao za vifungashio zitibiwe ili zisisafirishe wadudu. Kwa joto, kiini cha ubao kifike nyuzi 56 na kikae hapo dakika 30 mfululizo, kisha ubao upigwe mhuri wenye alama ya suke la ngano, herufi za nchi, ambazo kwa Kenya ni KE, namba ya mtibu na herufi HT. Plaiwudi imesamehewa, na maranda na unga wa mbao pia. Mtego uko kwenye vijiti vya kona. Fundi hujenga kasha la plaiwudi lililosamehewa, kisha hulishikiza kwa vipande vya mbao mbichi visivyo na mhuri, na kasha lote linaweza kuzuiwa bandarini kwa ajili ya vijiti hivyo. Majani makavu ya migomba na nyasi, ambayo ni mto mzuri na hayauzwi ghali, hayafai kwa ng'ambo: nchi nyingi, Australia ikiwa mojawapo, hazipokei nyasi kavu ndani ya mizigo.

Kabla ya kutengeneza makasha tisa, litengenezwe moja. Lijazwe mabakuli yenye kasoro ya rangi, yenye uzito ule ule, kisha liangushwe kwenye sakafu ya saruji mara kumi: kona moja, kingo tatu zinazokutana kwenye kona hiyo, na nyuso zote sita. Likifunguliwa, kinachotazamwa si mabakuli peke yake. Alama ya jiwe kwenye kizuizi, sponji iliyochanika, skurubu iliyolegea, vyote huonyesha mahali pa kuongeza na mahali palipotumika fedha bure. Gharama ya kasha moja lililokubaliwa, igawanywe kwa nane na iingizwe katika bei ya bakuli kabla mnunuzi hajatajiwa bei, kwa kuwa akishatajiwa ni vigumu kurudi kumwomba fedha za plaiwudi.