Wageni Elfu Ishirini Wasionunua Asali

Maswali ya namna ya kufungua tovuti au kusajili jina la .ke nimeyaweka kando. Mawakala wa KeNIC wanalipwa kuyajibu. Nimechagua yale yanayowanyima watu usingizi bila sababu, na mawili matatu yanayoninyima mimi subira.

Tovuti yetu ndogo imepata ghafla wageni 20,000 kwa wiki na hakuna hata mmoja aliyepiga simu. Nani anatulenga? (Barua tano: wauza asali wawili wa Mwingi, shule moja, nyumba ya wageni karibu na barabara ya Garissa, na muuza maembe wa Wote.)

Hakuna anayewalenga. Nasisitiza kwa sababu kila barua imekuja na mshukiwa wake: mwenye duka la pili, karani aliyefukuzwa, mgombea wa kamati ya wazazi. Hao ni roboti, yaani programu zinazopita tovuti moja baada ya nyingine bila kujua Mwingi iko wapi. Anwani zote za IP za mfumo wa IPv4 ni kama bilioni 4.3 tu, na mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha, kwa programu yao iitwayo ZMap, kwamba kompyuta moja yenye intaneti ya kasi inaweza kuzibishia hodi zote kwa chini ya dakika 45. Isitoshe, siku mlipowekewa cheti cha HTTPS, jina la tovuti yenu liliingizwa katika madaftari ya vyeti yaliyo wazi kwa umma, na roboti huyapekua usiku na mchana. Ndiyo maana hata tovuti ambayo mwenyewe hajamtajia mtu hupata wageni. Mkulima wa mtama kule Kyuso hupigana na kwelea kila msimu, lakini hasemi wametumwa na jirani.

Ushahidi mnao wenyewe, ila hamjaufungua. Ingieni kwenye rekodi za seva, msome mstari mmoja: anwani ya aliyekuja, saa, alichoomba, na namba ya jibu aliyopewa. Mkikuta /wp-login.php imeombwa mara mia nne usiku mmoja, ikajibiwa 404 (yaani “haipo”) kila mara, na tovuti yenu haijatengenezwa kwa WordPress, kesi imekwisha. Anayewajua asingetikisa usiku kucha mlango ambao nyumba yenu haina.

Mwandishi mmoja anapinga: mbona eCitizen ilishambuliwa? Ni kweli, Julai 2023 huduma hiyo ya serikali ilizidiwa na maombi ya makusudi, na kundi lililojiita Anonymous Sudan likajitapa kuwa ndilo lililohusika. Oktoba 2024 Marekani ikatangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili wa Sudan. Lakini eCitizen hubeba maelfu ya huduma za nchi nzima, na kuiangusha huleta vichwa vya habari. Kuangusha ukurasa wenye bei ya asali ya kilo moja hakumletei mtu sifa yoyote.

Nimeweka robots.txt lakini bado wanaingia. Imeharibika?

Haijaharibika, umeitarajia kazi isiyo yake. Hili ndilo kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko yote. Utaratibu wa robots.txt, faili linaloziambia roboti kurasa zipi zisiingie, ulipendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994 kama makubaliano ya waungwana, na ulipoandikwa rasmi mwaka 2022 kama RFC 9309, waraka wenyewe ulieleza kuwa kanuni zake si kibali wala kizuizi cha kuingia. Ni kibao cha “Mbwa Mkali” getini: humrudisha anayejua kusoma na mwenye nia ya kutii. Googlebot hutii. OpenAI ilipotambulisha GPTBot Agosti 2023 ilieleza namna ya kuikataa kwa faili hilohilo. Roboti ya mwizi haisomi kibao, au, vibaya zaidi, hukisoma ili ijue ulichoficha. Nyinyi mnaoandika “Disallow: /malipo-ya-karo” mmewachorea wezi ramani. Ukurasa wa siri hulindwa kwa nenosiri.

Msiyaamini majina pia. Roboti yoyote inaweza kujiita Googlebot, kwa kuwa jina hilo ni maandishi tu ambayo mgeni hujiandikia. Googlebot wa kweli hutambulika kwa kutafuta jina la seva lililo nyuma ya anwani yake, kisha kuhakiki kwamba jina hilo linarudi kwenye anwani ileile.

Kampuni inayotuhifadhia tovuti inasema tupande kifurushi cha juu. Tulipe?

Bado. Kwanza tafuteni kinachowala. Ukurasa wa MB 2 ukifunguliwa mara 20,000 ni GB 40, na mara nyingi uzito huo ni picha moja ya mzinga iliyopakiwa jinsi ilivyotoka kwenye simu. Ipunguzeni. Kisha angalieni mitego mliyoitega wenyewe. Kalenda ya vyumba yenye kitufe cha “mwezi ujao” kisicho na mwisho humpeleka roboti mpaka mwaka 2190, akiuliza kila mwezi kama kuna chumba, na seva yenu ikimtafutia jibu kwa uaminifu. Duka lenye bidhaa kumi na mbili na vichujio vitano, kila kimoja kikiwa na hali tano, ni kurasa 3,125 machoni pa roboti. Wekeni ukomo kwenye kalenda, hifadhini nakala tayari za kurasa zisizobadilika, na wanaorudia kupita kiasi wapeni jibu la 429 (yaani “maombi yamezidi”). Mkifanya hayo, mzigo ukabaki palepale, ndipo mzungumze habari za kifurushi.

Msijione mko peke yenu. Aprili 2025 shirika la Wikimedia lilieleza kwamba asilimia 65 ya maombi yanayogharimu seva zake zaidi hutoka kwa roboti, ingawa roboti ni kama asilimia 35 tu ya usomaji wa kurasa.

Nizuie Marekani na China nzima?

Googlebot husafiri zaidi kwa anwani za Marekani. Ukiifungia nchi hiyo, umejifuta kwenye Google, na shemeji yako aliyeko Dallas hataona bei ya asali.

Kijana mmoja anasema ataondoa roboti zote kwa malipo ya mara moja.

Usimlipe.

Nilifuata ushauri fulani wa kuzuia roboti, sasa tovuti yangu haionekani popote. Nifanyeje?

Mstari wa pili wa faili la robots.txt uliloniletea unasema “Disallow: /”. Mkwaju huo mmoja maana yake ni tovuti nzima. Ufute.