Mafunzo Niliyopata Katika Vizazi Vitatu vya Wanzuki

Ukitaja mvinyo wa familia, wasomaji humfikiria Mfaransa mwenye mashamba ya urithi, na walio karibu zaidi huifikiria Dodoma. Familia yetu haina mzabibu hata mmoja. Mvinyo wetu ni wa asali. Bibi aliuza wanzuki kwenye vibuyu Kimamba, mama akaiuza kwa kata Mikumi, nami naitia kwenye chupa hapa Kilosa mjini. Haya ndiyo niliyojifunza katika kazi hii, baadhi kwa kuambiwa na mengine kwa mikono yangu.

1. Kazi huanza porini

Babu alitundika mizinga ya magogo kwenye miombo ya upande wa Mikumi. Alizijua nyakati za miti: myombo huchanua mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua hazijashika, kisha masika yakiisha huja zamu ya maua ya chini na ya mashambani. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilipoanzishwa mwaka 1964, baadhi ya njia zake za kulina zikabaki ndani ya mpaka. Aliishusha mizinga akaihamishia misitu ya vijijini, akaanza upya kujifunza nyuki wanakopita.

Baadaye pori hilo nalo likaanza kuisha kwa mkaa unaopelekwa Morogoro na Dar es Salaam. Tangu mwaka 2012, vijiji kadhaa vya Kilosa, vikiwemo Ulaya Mbuyuni, Ihombwe na Kitunduweta, vilishirikiana na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania na mtandao wa MJUMITA kupanga uvunaji wa mkaa. Msitu wa kijiji uligawanywa vitalu, na kitalu kilichokatwa kikapangiwa kupumzika miaka 24 hadi miti irudi. Tangu hapo naona mkutano mkuu wa kijiji kuwa sehemu ya upishi wetu. Pale ndipo inapoamuliwa kama mwakani kutakuwa na maua.

2. Bibi alikuwa na kemia yake

Bibi hakukubali asali iliyochujwa ikang'aa. Alitaka masega mazima, yenye chavua na hata makinda, ayakamue mwenyewe ndani ya maji ya vuguvugu. Mtungi mpya aliuanzisha kwa machicha ya mtungi uliopita.

Nilipoanza kusoma mambo ya uchachuaji nikaelewa. Asali ni sukari kwa takriban asilimia 80, na kwa uzito huo hamira haiwezi kufanya kazi; ndiyo maana asali iliyokomaa haichachi hadi itiwe maji. Lakini hata ikishatiwa maji, ina upungufu mkubwa wa naitrojeni, chakula ambacho hamira inakihitaji ili izaliane. Chavua ndiyo inayoleta chakula hicho. Na yale machicha yalikuwa mbegu: hamira ileile ikihama kutoka mtungi hadi mtungi. Wakikuyu wa Kenya nao huihifadhi hamira ya pombe yao ya asali, muratina, ndani ya tunda kavu la mwegea. Siku hizi natumia hamira ya dukani na kipima sukari, lakini chavua sijaiacha.

3. Mizinga na mtungi vina warithi tofauti

Sisi Wasagara, kama Wakaguru, Wavidunda na Waluguru, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Babu alipofariki mizinga yake ilikwenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada yake, wala hakuna aliyenung'unika. Utaalamu wa kupika wanzuki ulikuwa kwa bibi na binti zake. Kwa hiyo siku moja familia yenye asali ikawa na watu wasiojua kupika, na yenye kujua kupika ikawa haina asali.

Bibi hakwenda barazani. Alimwendea yule mpwa na mpango: atanunua masega yasiyokamuliwa, atalipa nusu kabla ya msimu, na nta yote atamrudishia. Nta ilikuwa na thamani kwa mrina asali, kwani mzinga mpya ukipakwa nta hulivuta kundi la nyuki haraka. Mpango huo ungali hai, sasa kati ya warithi wa mpwa huyo na mimi. Mkataba wa aina hii hudumu kwa sababu kila upande unapata kitu ambacho mwenzake hana matumizi nacho.

4. Mteja huhama, nawe hama

Wateja wa bibi walikuwa manamba wa mashamba ya mkonge ya Kimamba na wafanyakazi wa reli. Aliijua siku ya mshahara kuliko karani. Mkonge ulipoporomoka, kilabu chake kikapungua watu mwaka hadi mwaka. Mama hakusubiri kimwishie mikononi. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia ilikuwa imeshawekwa lami, malori yanalala Mikumi, naye akahamia huko na mitungi yake.

Sasa hesabu inageuka tena. Treni ya SGR ilianza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, na Kilosa ina stesheni. Abiria wa treni hanywi kwa kata akiwa amekaa kwenye benchi. Anataka chupa anayoweza kuitia kwenye mkoba na kumpelekea mtu zawadi. Kilichonirudisha Kilosa ni huyo.

5. Asali inasubiri, zabibu haisubiri

Dodoma ndiyo shule yetu kubwa ya mvinyo. Wamisionari Wakatoliki waliipanda mizabibu huko enzi za ukoloni, serikali ikaja na kampuni yake ya DOWICO, na kituo cha utafiti cha Makutupora kimehangaikia mbegu kwa miaka mingi. Ardhi ile huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Ulaya hawaliwezi. Hata hivyo DOWICO ilipokufa, wakulima wadogo walibaki na zabibu mkononi. Zabibu iliyoiva huhesabiwa kwa siku, na mnunuzi mwenye tangi analijua hilo anapotaja bei.

Asali iliyokomaa, ikifungwa vizuri isipate unyevu, hukaa miaka. Mwaka wa bei mbaya naiacha kwenye ndoo. Sijifanyi bora kuliko watu wa Dodoma. Nimepewa tu malighafi yenye subira, na nimejifunza kutoipoteza nafasi hiyo kwa kupika haraka ili nipate hela ya leo.

6. Muda nao hulipiwa

Wanzuki ya mama hunywewa baada ya siku chache tu, bado inachemka, tamu na yenye povu. Ukiifunga kwenye chupa katika hali hiyo, gesi haina pa kutokea na chupa hupasuka. Mvinyo wa chupa lazima umalize kuchacha, utulie, uchujwe. Kilo moja ya asali kwa lita tatu za maji hutoa mvinyo wa takriban asilimia 12 ya kileo, lakini miezi ya mwanzo una ukali unaochoma koo. Ukiachwa mwaka, ukali hushuka na harufu ya maua hurudi.

Tatizo la mwaka huo si ladha, ni fedha. Asali imeshalipiwa, chupa zimeshanunuliwa, na hakuna kinachoingia. Ndiyo maana sijaifunga biashara ya kata kule Mikumi. Wanzuki ya siku tatu ndiyo inayoilisha ile ya mwaka mmoja.

7. Jina zuri halivuki kaunta bila karatasi

Kilabuni, jina la bibi lilitosha. Dukani nje ya Kilosa hakuna anayelijua. Huko wanauliza alama ya TBS, leseni ya vileo, na stempu ya kielektroniki ya kodi, iliyoanza kuwekwa kwenye mvinyo mwaka 2019. Mafunzo ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, yalinifungua macho kuhusu usafi wa vyombo na lebo. Nilikuwa nikiziona karatasi hizi kama usumbufu. Sasa nakumbuka jinsi mama alivyokataa kutia wanzuki kwenye vifuko vya plastiki wakati wengine wakitajirika navyo. Machi 2017 vifuko hivyo, viroba, vilipopigwa marufuku, yeye hakuwa na cha kuteketeza. Biashara inayotaka kufika kizazi cha nne haijengwi juu ya kitu ambacho tangazo moja linaweza kukifuta.

8. Mrithi apewe hesabu kabla ya mapishi

Bibi alimfundisha mama kuonja, mama akanifundisha kuonja, na hakuna aliyemfundisha mwenzake faida ni kiasi gani. Nilirithi ulimi mzuri na daftari tupu. Binti yangu nimeanza naye upande wa pili. Anajua bei ya masega kila msimu, gharama ya chupa, kodi, na kiasi kinachopotea kwenye kuchuja. Akiziona hesabu hizo na kuamua kwamba anataka kazi nyingine, nitamwelewa, na mkataba wa masega nitamwachia mwanafamilia mwingine mwenye nia. Akibaki, ajue anabaki kwenye nini. Kuonja hujifunzwa kwa misimu miwili mitatu; kinachoua viwanda vya familia ni mrithi kugundua deni baada ya mazishi.