Matibabu Yamelipwa, Nauli Je?

Mdogo wangu mmoja wa Gongoni ameniandikia kwa hasira. Mama yake ana miaka 73, figo zimechoka, na mara mbili kwa wiki hupelekwa Malindi kuoshwa damu. Binamu yake aliyeko Minnesota, Marekani, naye anauguza mama, lakini huyo mama ana kadi mbili, Medicare na Medicaid, na siku ya kliniki gari humpigia honi mlangoni bila yeye kutoa senti. "Dada, na sisi tumejiandikisha SHA, tunalipa. Gari letu mbona haliji?"

Kaa nikwambie, mpenzi. Kwanza tuimalize hiyo habari ya Marekani, maana umehadithiwa nusu. Medicare ni bima ya wazee wa miaka 65 na zaidi, pamoja na baadhi ya walemavu na wagonjwa wa figo. Hiyo hulipia ambulensi, tena pale tu ambapo mgonjwa akipandishwa gari jingine atadhurika. Linalompigia honi yule mama ni gari la Medicaid, bima ya wenye kipato kidogo, ambayo sheria yake inazitaka serikali za majimbo zihakikishe mgonjwa anafika kwa daktari. Na lenyewe huagizwa kwa simu siku kadhaa kabla. Ukisahau kupiga, utalisikia likimchukua jirani. Kwa hiyo kadi ni mbili na kila moja ina kazi yake, na anayefaidika ni yule anayejua aonyeshe ipi na wapi.

Sasa turudi kwetu Kenya. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ilipochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, ilikuja na mifuko mitatu. Wa kwanza ni wa huduma za msingi: zahanati na kituo cha afya unatibiwa bure, bora uwe umejiandikisha, na kujiandikisha ni kubonyeza *147# tu. Wa pili ndio bima yenyewe, ile ya kukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na asiye na mshahara hupimwa kipato chake, chini kabisa ikiwa shilingi 300 kwa mwezi. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu. Ukitafuta usafiri humo, utaukuta kwa jina la ambulensi, na ni ya dharura. Tuktuk ya Jumanne na Ijumaa haimo katika mfuko wowote. Safari ya kawaida ya kliniki, hapa Kilifi, haina mwenyewe isipokuwa nyinyi wa nyumbani.

Chukua kalamu basi. Kuosha damu mara moja SHA hulipa hospitali shilingi 10,650, na hiyo si pesa ndogo, tuseme ukweli. Lakini mara mbili kwa wiki ni safari 104 kwa mwaka. Kwenda na kurudi, nauli 208. Na mama haendi peke yake, kwa hivyo ukimweka wa kumsindikiza unafika 416. Zile shilingi 2,000 za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee, anazopata kila mwezi kwa kuwa amepita miaka 70, ukizigawa kwa nauli zake yeye peke yake, ni kama shilingi 115 kwa kila nauli. Anayepanda gari barabara ya Gongoni anajua pesa hiyo humshusha wapi. Tena hizo ndizo za sabuni, sukari na unga. Wengi wanaoacha kuosha damu huku kwetu si kwamba wamechoka kuishi. Wamekosa nauli wiki ya kwanza wakanyamaza kwa aibu, wiki ya pili wakavimba, na ya tatu wakaletwa usiku wakihema. Kwa hiyo nauli iingie katika hesabu ya ugonjwa tangu siku ile daktari anapotamka neno figo.

Anza kwa kupunguza safari zenyewe. Mama wa figo pia ana presha, na wengine wana sukari juu yake, na kila daktari amemwandikia siku yake. Mwambie sista wa kliniki waziwazi kwamba mnatoka mbali, na umwombe miadi ya presha iangukie siku ile ile ya kuosha damu. Hakuna atakayekupiga. Aliye na presha tu, ambaye hali imetulia, aulize kama dawa atachukulia zahanati ya karibu, na kama anaweza kupewa za miezi miwili au mitatu kwa mkupuo. Kisha kuna mhudumu wa afya ya jamii. Mwaka 2023 hao walipewa mikoba yenye kipimo cha presha na cha sukari, kwa hiyo kupima si sababu ya kupanda gari tena. Tahadhari moja: piga simu zahanati kabla hujatoka. Kwenda Marafa ukaambiwa dawa zimeisha kunauma kuliko nauli yenyewe.

Sasa tuktuk, na hapa nitakawia kidogo maana ndipo pesa na usalama hukutana. Msisimamishe yoyote inayopita. Tafuteni dereva mmoja mtu mzima, anayejulikana na wenzake stendi, mpatane kwa mwezi na mumlipe kwa M-Pesa kila mwisho wa wiki. Yeye anapata kazi ya hakika, nyinyi mnapata mtu atakayepiga simu mwenyewe saa kumi na moja asubuhi kuuliza kama mgonjwa ameamka. Muwe na wa pili wa akiba, kwa sababu tuktuk huharibika na madereva huoa. Namba zao ziandikwe ukutani kwa kalamu nene, kando ya mlango. Simu huzima chaji, ukuta hauzimi.

Kumpandisha mzee kuna namna yake. Mgeuze aipe tuktuk mgongo, akae kwanza, kalio lote likiwa ndani, ndipo umwinulie miguu miwili pamoja na kumzungusha. Usimvute kwa mikono. Na kama ana ule mkono uliotengenezewa mshipa wa kuoshea damu, huo hauguswi: hauvutwi, haulaliwi, haufungwi mkoba wala saa. Aketi upande ambao mkono huo uko ndani, usigonge nguzo barabara ikiwa mbovu. Mwenye mpira wa kuoshea damu shingoni afunikwe leso safi, vumbi lisiingie. Akitoka kwenye mashine asikimbizwe kupanda. Presha huwa imeshuka, kichwa kinazunguka, kwa hiyo mkalishe kama nusu saa ndipo mwanze safari. Na nakuomba, usimnunulie dafu njiani. Najua jua ni kali na yule kijana wa madafu ana maneno matamu, lakini dafu lina potasiamu nyingi, na figo zisizofanya kazi haziwezi kuitoa. Ikipanda sana inaweza kusimamisha moyo. Ndizi na machungwa vivyo hivyo. Mbebee alichoruhusiwa na kliniki.

Bodaboda je? Sitakudanganya nikwambie usipande kamwe. Ganze au Bamba saa nane usiku huenda ndicho chombo pekee. Ila mshikaki, mgonjwa amebanwa katikati baina ya dereva na mwana wa kiume anayemshika kiuno, kuna watu hauwafai kabisa: aliyeanguka na huenda amevunjika nyonga au mgongo, aliyepooza upande ghafla, anayezimia zimia, na mjamzito anayetoka damu. Hao tafuteni gari la Probox la jirani, hata kama mtaamsha mtu msiyeelewana naye. Na aliyetoka kwenye mashine ya figo asirudi kwa boda, maana husinzia.

Ambulensi sasa. Hapa wengi wenu mnanyamaza mahali pa kuuliza. Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza kwamba dharura huanzia kabla ya kufika hospitali, na hospitali isiyo na uwezo inapaswa kumtuliza mgonjwa na kupanga rufaa yake. Kupanga rufaa maana yake ni wao kupanga, si wewe kupewa karatasi na kuonyeshwa geti. Kwa hiyo ukiambiwa mgonjwa anahamishwa, tuseme kutoka Malindi kwenda hospitali ya rufaa ya kaunti kule Kilifi mjini, uliza kwa upole lakini usiondoke bila jibu: nani amepokea simu upande wa pili? Kitanda kipo? Nesi anapanda pamoja naye? Oksijeni imepimwa? Gari hili linalipwa na nani? Swali hilo la mwisho liulizwe kabla injini haijawashwa, kadi ya SHA na kitambulisho vikiwa mkononi. Na ukiambiwa mchangie mafuta, omba risiti. Mara nyingine neno "risiti" peke yake hujaza tangi.

Ukiwa nyumbani, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Utaulizwa uko wapi, na "karibu na mwembe mkubwa" haitoshi. Taja shule, msikiti au kanisa, taja barabara mliyokatia, halafu mtume kijana asimame njia panda na tochi. Kwa wale wenye uwezo kidogo, AMREF Flying Doctors, ambao wameruka angani tangu 1957, wana uanachama wa mwaka uitwao Maisha. Isomeni vizuri kabla ya kulipa, muone inahusu ndege tu au na gari.

Kuna na wale wetu wenye kadi mbili kweli, kama yule mama wa Minnesota: SHA pamoja na bima ya kazini ya mtoto anayefanya kazi hotelini Watamu au bandarini Mombasa. Wengi wanaijua ya kazini kwa kulazwa na miwani tu. Fungua kile kijitabu utafute maneno ya uokoaji au usafiri wa dharura. Hospitali nyingi hukata SHA kwanza, halafu bima ya kazini ikafidia lililobaki, lakini ambulensi ya bima ya kazini mara nyingi lazima ikubaliwe kwa simu kabla ya safari. Ukiita gari kwanza na kuwapigia kesho yake, utalipa mwenyewe. Namba iko nyuma ya kadi. Nayo iende ukutani. Na uhakikishe mzazi ameandikwa humo, kwa sababu bima nyingi hukubali mke na watoto, wazazi hapana.

Wanaotibiwa Mombasa nawaambia tofauti kidogo. Malindi mpaka hospitali ya Coast General ni kama kilomita 120, na foleni ya Mtwapa haijali nani mgonjwa. Kwa kliniki ya siku moja, pandeni gari la alfajiri, mkate kiti cha mbele kando ya dereva, na mama asilazimishwe kupita juu ya magoti ya watu kwenda nyuma. Lakini mionzi ya saratani kwa kawaida ni siku tano kwa wiki, wiki baada ya wiki. Hiyo usijaribu kwenda na kurudi. Tafuta shangazi wa Kisauni au Bamburi, mpelekee unga na nazi, akae naye huko. Anayehitaji kiti cha magurudumu aulizie APDK, chama cha walemavu wa viungo, wale wenye karakana ya Bombolulu, na aombe kinachokunjika, kwa sababu kisichokunjika hakifungiki nyuma ya tuktuk.

Pesa zitatoka wapi? Ukweli ni kwamba harambee huchoka. Watu watachanga mara moja kwa moyo, mara ya pili kwa haya, ya tatu hawapokei simu. Afadhali kidogo kisichokatika. Gawaneni watoto wote, huyu Jumanne, yule Ijumaa, kila mmoja amtumie dereva moja kwa moja. Ikipitia mkononi mwa kaka mkubwa itasimama kidogo mahali. Na kwenye chama chenu, kabla hamjagawana mwishoni mwa mwaka, tengeni sanduku la safari za hospitali, mtu akope leo bila riba arudishe akiuza kuku.

Na wewe wa Gongoni, pamoja na wote wa ng'ambo ya mto Sabaki: mvua za masika na vuli zisiwakute mmelala. Novemba 2023 barabara kuu ilikatika Mbogolo, baina ya Kilifi na Malindi, na kuna wagonjwa waliozungushwa njia za ndani saa nyingi. Mawingu yakianza, mhamishie mama kwa ndugu Malindi mjini kabla mto haujajaa. Kisha umuulize sista wa figo wakati kungali kukavu: siku gari lisipopita, mgonjwa wangu apunguze maji kiasi gani, aache kula nini, na ni dalili gani nikiziona nisisubiri barabara ifunguliwe?